Kuchagua Aina za Nyuga katika Faharasa ya Nyaraka

Faharasa ya utafutaji haiutunzi waraka kama ulivyo. Huugawa katika nyuga, kama vile kichwa, tarehe, msemaji, mada na mwili wa maandishi, na kila uga hupewa aina. Aina hiyo ndiyo inayoiambia injini ifanye nini na thamani kabla ya kuitunza: iikate neno moja moja, iiache nzima, au iisome kama namba au siku ya kalenda. Uamuzi huu hufanywa mwanzoni, mara nyingi kwa haraka, na kosa lake hujitokeza baadaye sana, siku ambayo mtu anaomba ripoti ya kwanza na hesabu zinakataa kulingana.

Injini zinazotumika zaidi kwa kazi hii, Solr na Elasticsearch, zote zimejengwa juu ya Lucene, maktaba ya programu iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999. Kwa hiyo kanuni zake zinafanana hata pale majina yanapotofautiana. Aina kubwa ni mbili. Uga wa matini hukatwa: "Wizara ya Maji" huwa maneno matatu, wizara, ya na maji, na kila neno hutafutwa peke yake. Uga wa lebo haukatwi: "Wizara ya Maji" hubaki kitu kimoja, nacho hulingana na "Wizara ya Maji" tu. Elasticsearch huziandika aina hizi text na keyword. Solr, katika mpangilio wake wa kawaida, huziandika text_general na string. Nyingine zote, yaani namba, tarehe na ndiyo-hapana, huja baada ya hizo mbili.

Nyaraka zinazoonyesha vizuri ugumu wa uchaguzi huu ni Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, zinazotokana na vikao vya Bunge la Tanzania jijini Dodoma. Kila kikao kina Bunge lake, mkutano wake, namba ya kikao na tarehe. Ndani yake mna maswali yenye namba, majibu ya mawaziri, miswada, kauli za serikali na michango ya bajeti. Kila msemaji ana jina, na mara nyingi jimbo. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma, mwandishi wa habari na mkazi wa Kongwa wanaweza kuitumia faharasa ileile, lakini hawaulizi swali moja.

Kabla hata ya kufika kwenye aina za nyuga, kuna jambo moja la kuamua: waraka ni nini. Hansard ya siku moja huweza kupita kurasa mia. Ikiingizwa nzima kama waraka mmoja, lebo za wizara zote zilizotajwa siku hiyo zitabandikwa juu yake, na anayetaka idadi ya maswali kuhusu maji atapewa idadi ya siku ambazo maji yalitajwa. Hakuna aina ya uga inayoweza kuponya hilo. Kipimo kinachofaa ni swali pamoja na majibu yake, au mchango mmoja wa mbunge mmoja, huku kila kipande kikibeba tarehe, mkutano na namba ya kikao kilimotoka.

Baada ya hapo, aina ya uga huamuliwa na kazi ambayo msomaji atautumia kuifanya. Sura ya thamani haitoshi kuamua. Mtera ni mfano mzuri. Kulikuwa na Jimbo la Mtera katika Wilaya ya Chamwino, na kuna Bwawa la Mtera kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lenye kituo cha kufua umeme cha megawati 80. Anayechunguza upungufu wa umeme anataka kila mahali bwawa lilipotajwa ndani ya mazungumzo. Huyo anahudumiwa na uga wa matini. Anayetaka michango ya mbunge wa Mtera, hata ile ambayo neno Mtera halimo kabisa, anahudumiwa na uga wa lebo unaoitwa jimbo. Faharasa yenye uga mmoja tu wa matini itawapa wote wawili mchanganyiko uleule.

Karibu makundi yote ya nyaraka ni lebo: wizara, jimbo, mkoa, aina ya shughuli, chama, lugha. Sababu ni kwamba makundi hufanyiwa kazi tatu, kuchuja, kuhesabu na kupanga, na zote tatu zinahitaji thamani isiyokatwa. Uga wa wizara ukifanywa matini, orodha ya hesabu pembeni mwa majibu itaongozwa na neno "wizara", likifuatiwa na "ya" na "na". Elasticsearch kwa kawaida hukataa kabisa kuhesabu au kupanga kwa uga wa matini mpaka fundi aruhusu matumizi makubwa ya kumbukumbu ya mashine. Katazo hilo linapotokea, afadhali lichukuliwe kuwa ishara kwamba aina imekosewa kuliko kuwa kikwazo cha kuzungukwa.

Ila lebo haisamehe. "Wizara ya Maji" na "WIZARA YA MAJI" ni makundi mawili, na nafasi moja tupu iliyobaki mwishoni huzaa la tatu. Kwa majina ya Dodoma kuna tatizo la ziada, nalo ni ritifaa. Kata za Chang'ombe na Ng'hong'onha huandikwa na mmoja kwa ritifaa iliyonyooka, na mwingine kwa ile iliyopinda inayowekwa na programu ya kuchapia. Ng'hong'onha yenyewe huandikwa kwa tahajia zaidi ya moja. Kwa jicho la msomaji ni jina moja, kwa mashine ni majina tofauti. Dawa ni kusawazisha kabla ya kuhifadhi: kuondoa nafasi za pembeni, kugeuza herufi zote kuwa ndogo na kuchagua ritifaa moja. Elasticsearch hufanya hivyo kwa kisawazishi kinachofungwa kwenye uga wa lebo, lakini lazima ikumbukwe kwamba hesabu za makundi zitaonyesha umbo lililosawazishwa, "wizara ya maji" kwa herufi ndogo. Asiyependa sura hiyo huhesabu kwa msimbo, kisha humwonyesha msomaji jina kamili linalotolewa kwenye orodha ya pembeni.

Uga wa matini una mtego wake kwa Kiswahili. Elasticsearch ina vichambuzi vya lugha nyingi, kuanzia Kiarabu hadi Kituruki, lakini Kiswahili hakimo. Fundi mwenye haraka huchukua kichambuzi cha Kiingereza, ambacho hukata miisho ya maneno: "Bunge" hubaki "bung". Kiswahili hubadilisha nomino mwanzoni. Kisima huwa visima, mkulima huwa wakulima, swali huwa maswali, na hakuna ukataji wa miisho utakaoyakutanisha maneno hayo. Njia salama ni kutumia kichambuzi cha kawaida kisichokata kitu, kisha kukiongezea orodha ya visawe vya umoja na wingi kwa maneno yanayotafutwa sana: kisima na visima, mbunge na wabunge. Orodha ya maneno mia chache iliyotungwa na mtu anayejua Bunge linavyosema ina faida kuliko kichambuzi cha kubahatisha.

Hansard pia huchanganya lugha. Majadiliano ni ya Kiswahili, lakini kwa miaka mingi miswada iliandikwa kwa Kiingereza, mpaka marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kuweka maandishi ya lugha zote mbili katika uga mmoja humaanisha kwamba kichambuzi kimoja kitaidhulumu lugha mojawapo. Nyuga mbili za matini, mmoja kwa kila lugha, pamoja na uga wa lebo unaotaja lugha ya kipande husika, huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Kuna thamani zinazohitaji kuwekwa kwa njia mbili kwa pamoja. Kichwa cha swali, tuseme ujenzi wa bwawa la umwagiliaji katika kijiji fulani cha Bahi, hutafutwa kwa maneno yake, lakini pia hupangwa kialfabeti. Injini zote mbili huruhusu thamani moja kuingia katika uga wa matini na uga wa lebo. Elasticsearch hufanya hivyo yenyewe kwa kila maandishi ambayo haikuelekezwa aina yake, na lebo inayozaliwa hivyo hupuuza thamani yenye zaidi ya herufi 256. Kwa kichwa cha swali hilo halina shida. Kwa hotuba nzima ya bajeti ni upotevu, na mahali kikomo hicho kilipoondolewa, hotuba huweza kukataliwa kabisa, kwa kuwa Lucene haipokei lebo inayozidi baiti 32,766. Mwili wa maandishi ubaki matini peke yake.

Namba zinahitaji tahadhari zaidi kuliko maneno, kwa sababu zinadanganya kwa sura. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huipa Dodoma msimbo 01, Arusha 02 na Kilimanjaro 03. Uga ukifanywa namba, 01 hugeuka 1, na faili linalotoka idara nyingine likiwa na 01 halitaoana nalo. Zaidi ya hayo, orodha ya kimataifa ya ISO kwa sehemu kubwa hufuata alfabeti: humo Arusha ni 01 na Dodoma ni 03. Anayepokea data kutoka pande mbili bila kuweka alama ya chanzo ataihamishia Dodoma Kilimanjaro bila kutambua. Msimbo wa mkoa ni lebo, na ni vizuri ubebe kiambishi cha mfumo wake. Kumbukumbu namba za barua kutoka masjala, zenye herufi, nukta na mikwaju, nazo ni lebo, na vivyo hivyo namba za sheria. Kigezo ni rahisi: kama hakuna atakayezijumlisha wala kuuliza "kutoka hii hadi ile", namba hizo ni majina.

Namba ya swali bungeni iko katikati. Haijumlishwi, na haitoshi kulitambulisha swali bila kutaja mkutano wake, lakini msomaji hutaka maswali yafuatane. Hapo namba kamili inafaa kwa kupangia, na lebo iliyoungwa kutokana na Bunge, mkutano na namba inafaa kwa kulitambulisha swali.

Mikutano na vikao huleta kichekesho kidogo. Hansard huviandika kwa maneno: Mkutano wa Kwanza, Kikao cha Pili, Mkutano wa Kumi na Tisa. Lebo zikipangwa kialfabeti, mfuatano huwa Kumi, Kumi na Moja, Kwanza, Nane, Nne, Pili, Saba, na Tisa hushika mkia. Uga wa namba kamili kwa kupangia na uga wa lebo kwa kuonyesha ndilo suluhisho, na ubadilishaji wa maneno kuwa namba ufanywe kabla waraka haujaingia kwenye faharasa.

Tarehe iwe tarehe, kamwe isiwe maandishi. Tatizo liko kwenye kuisoma. Tanzania huandika siku kabla ya mwezi, kwa hiyo 5/4/2023 ni Aprili 5. Programu iliyosetiwa kwa mtindo wa Marekani itasoma Mei 4, na haitalalamika mpaka ikutane na siku ya 13. Muundo utajwe wazi kwenye mpangilio wa uga, au tarehe zigeuzwe kuwa mwaka-mwezi-siku kabla ya kuingia. Pia Elasticsearch hutunza nyakati kwa saa za UTC, nazo ziko nyuma ya Dodoma kwa saa tatu. Usiku wa manane wa kuingia Juni 12 mjini Dodoma ni saa 21:00 ya Juni 11 kwenye mashine, na hesabu ya kila siku itateleza siku nzima isipotajwa ukanda wa saa. Kisha kuna saa zenyewe: kikao kilichoandikwa kuwa kimeanza saa tatu asubuhi kilianza 09:00. Mtu anayechukua "3.00" na kuipeleka moja kwa moja kwenye uga wa wakati amelifanya Bunge likutane alfajiri.

Mwaka wa fedha si tarehe wala namba. Huanza Julai 1 na kuishia Juni 30, na huandikwa 2023/24 au 2023/2024, mara nyingine mitindo yote miwili ndani ya hotuba moja. Lebo yenye mtindo mmoja uliokubaliwa inatosha kwa kuchuja. Kama watumiaji watauliza miaka mitano mfululizo, uongezwe uga wa namba kamili wenye mwaka wa kuanzia.

Mahali ni mpangilio wa ngazi: mkoa, wilaya, kata. Maktaba zimelijua tatizo la kupanga vitu kwa ngazi kwa muda mrefu. Mfumo ambao Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876 unakipa kila kitabu mahali pamoja tu kwenye rafu, kulingana na mada yake, na mwaka 1933 S. R. Ranganathan wa India alipendekeza badala yake kitabu kielezwe kwa pande zake kadhaa kwa wakati mmoja. Faharasa ya kompyuta inaegemea kwa Ranganathan. Ngazi zinaweza kuwekwa kama njia moja, "Dodoma/Mpwapwa/Mtera", na kichambuzi maalumu kikaigawa ili anayechagua Dodoma apate vyote vilivyo chini yake. Ni mbinu nzuri, mradi mkwaju huohuo usitumike kwenye mwaka wa fedha uliopitishwa katika kichambuzi hicho. Lakini kwa Hansard nyuga tofauti za mkoa, wilaya, kata na jimbo zina usalama zaidi, kwa sababu jimbo halifuati ngazi za utawala sawasawa: Wilaya ya Mpwapwa ina Jimbo la Mpwapwa na Jimbo la Kibakwe. Na jina Chamwino ni wilaya, tena ni kata ndani ya Jiji la Dodoma. Bila uga unaosema ni Chamwino ya ngazi gani, lebo sahihi kwa herufi zote bado itakuwa na makosa.

Majina haya hayakai mahali pamoja. Wilaya ya Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake kwenda kwa Manispaa ya Dodoma, ambayo Aprili 2018 ikawa jiji. Oktoba 2017 Wizara ya Nishati na Madini iligawanywa kuwa wizara mbili. Mwaka 2025 Jimbo la Dodoma Mjini liligawanywa na Jimbo la Mtumba likazaliwa. Vishawishi hapa ni viwili, na vyote vina hasara. Kimoja ni kurekebisha nyaraka za zamani zifuate majina mapya, jambo linalomfanya mbunge wa mwaka 2010 aonekane kumuuliza waziri wa wizara isiyokuwepo. Cha pili ni kuacha majina ya zamani peke yake, hivyo anayefuatilia umeme tangu mwaka 2005 analazimika kujua historia ya baraza la mawaziri. Kinachofaa ni nyuga mbili za lebo: mmoja wenye jina kama lilivyokuwa siku ya kikao, usioguswa kamwe, na mwingine wa sekta au msimbo wa eneo, unaotoka kwenye orodha iliyofungwa na kutunzwa na mtu mmoja anayejulikana. Orodha ya wazi, ambayo kila mwingizaji hujiongezea mada, baada ya mwaka huwa na "maji", "maji safi", "huduma ya maji" na "sekta ya maji", zote zikimaanisha kitu kimoja.

Uga wa ndiyo-hapana huvutia kwa wepesi wake na mara nyingi hujutiwa. "Ni swali?" huonekana kutosha, mpaka inapotakiwa kutenganisha swali la msingi, swali la nyongeza na maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku za Alhamisi. Lebo ya aina ya shughuli hupokea aina mpya bila kubomoa kitu. Ndiyo-hapana ibaki kwa mambo yasiyo na njia ya tatu, kwa mfano kama nakala imehakikiwa au la.

Thamani iliyokosekana nayo ni ya kupangwa. Si kila mbunge ana jimbo: Katiba inatambua wabunge wa viti maalum, watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wasiozidi kumi wanaoteuliwa na Rais. Jimbo likiachwa tupu, watu hawa wote hutoweka kwenye hesabu za makundi, na ripoti ya ushiriki wa wanawake bungeni itatoka na pengo kubwa bila yeyote kuelewa kwa nini. Kujaza "Viti Maalum" kwenye uga wa jimbo ni kulifanya liwe jimbo. Uga wa pili wa lebo, aina ya kiti, hulimaliza jambo hili.

Uga mmoja huweza kubeba thamani nyingi, na kwa swali linalogusa wizara mbili hilo linafaa. Hatari huingia pale thamani zinapokuwa jozi. Kipande kikiwa na mbunge wa Manyoni aliyezungumzia maji na mbunge wa Kondoa aliyezungumzia barabara, injini huzihifadhi orodha mbili zilizotenganishwa, majimbo huku na mada kule, na utafutaji wa Manyoni pamoja na barabara utakileta kipande hicho ingawa hakuna aliyesema hivyo. Elasticsearch ina aina ya uga uliofumbatwa, inayozishika jozi pamoja, lakini hupunguza kasi na huleta ugumu katika kuuliza. Kukigawa kipande kuwa viwili ni nafuu zaidi.

Uga ukishaanza kupokea data, aina yake haibadilishwi mahali ulipo. Faharasa mpya hujengwa kwa mpangilio uliorekebishwa, nyaraka zote hunakiliwa ndani yake, na lakabu ambalo programu hulitumia huelekezwa kwenye faharasa mpya. Kwa hiyo lakabu liwepo tangu siku ya kwanza, na nakala asili za Hansard zitunzwe nje ya faharasa. Ni vyema pia kuifunga faharasa ikatae uga wowote usiotajwa kwenye mpangilio, maana uga unaojizalisha wenyewe huchaguliwa aina na waraka wa kwanza ulioingia nao. Jaribio liwe mkutano mmoja wa Bunge: maswali yake yahesabiwe kwa mkono kwenye karatasi, kwa wizara, kwa jimbo na kwa aina ya kiti, kisha hesabu hizo zilinganishwe na zile za faharasa. Faharasa ya zamani ifutwe baada ya hesabu hizo kukubaliana, si kabla.